Kabla Hujanunua Fleti, Omba Uoneshwe Chumba cha Pampu

Kazi yangu ni pampu na jenereta. Majumba ya Nyali, Kizingo, Tudor na Bamburi nayaingia kwa mlango wa nyuma, sanduku la spana mkononi, na wa kwanza kuonana nami ni keateka, yaani mtunza jengo, na askari wa geti. Ndiyo maana watu wanaotaka kununua fleti hapa Mombasa hunipigia simu: "Fundi, pale pakoje?" Hawaulizi vigae wala mandhari ya bahari, hayo wameshayaona. Wanauliza kama chama cha wenye nyumba kinaendeshwa sawasawa. Na wana haki kuuliza, maana anayenunua fleti amejiingiza kwenye ubia na kila mwenye fleti katika jengo lile. Paa ni lao wote, lifti ni yao wote, na deni pia.

Mimi hutazama mambo mawili tu, na mengine yote yanatokana na hayo: je, chama hiki hulipia kitu kabla hakijaharibika? Na je, kikiulizwa hesabu, kinatoa karatasi au kinatoa maneno? Bustani, rangi ya ukuta na sare za askari havinipi habari yoyote. Hivyo vinaweza kupangwa kwa wiki moja mnunuzi akitarajiwa.

Anza chini

Siku ya kwenda kuangalia fleti, ukishaoneshwa vyumba na jiko, mwambie wakala kwa upole: "Naomba pia nione chumba cha pampu." Angalia jibu lake kwanza. Kama keateka anachomoa ufunguo papo hapo, ni dalili njema. Kama ufunguo uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti yuko Nairobi, jiulize pampu ikikatika usiku nani hufungua.

Ndani, huhitaji ufundi. Sakafu iwe kavu. Pampu ziwe mbili zinazopokezana, ili moja ikifa watu wasilale bila maji. Boksi la umeme liwe na kifuniko chake, nyaya zisiwe zimeungwa kwa tepu. Ukutani pawe na kadi au daftari la huduma lenye tarehe, jina la fundi na kazi aliyofanya. Mahali penye kadi iliyojazwa mpaka mwezi uliopita, hata pampu ikiwa kuukuu, mimi hutulia moyo. Mahali penye pampu mpya inayong'aa na hakuna kadi, huwa najua ya zamani iliachwa ikafa, wenye nyumba wakachangishwa kwa haraka, na hii nayo itaachwa vilevile.

Maji ndiyo habari yenyewe hapa kwetu. Maji matamu ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na yanakuja kwa zamu. Kwa hiyo jengo kubwa huwa na kisima cha maji ya chumvi kwa choo na usafi, tangi la maji matamu, na boza, yaani lori la maji, la kuokoa jahazi mfereji ukikauka. Boza ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea. Uliza: nani huagiza? Nani huhakikisha kama lita 10,000 zimeingia kweli? Jengo linaloendeshwa vizuri lina daftari getini: tarehe, namba ya gari, kipimo cha tangi kabla ya kumwaga na baada ya kumwaga, sahihi ya askari na ya dereva. Omba ulione hilo daftari, lipekue kurasa mbili tatu. Jengo lisilo na daftari, keateka hupiga simu kwa dereva anayemjua, bei inaingizwa kwenye bili ya maji, na mwisho wa mwezi kila mtu analalamika bila kuwa na la kushika mkononi. Uliza pia tangi lilioshwa lini mara ya mwisho. Jibu zuri lina mwezi ndani yake.

Jenereta ina mita ya saa. Ni kidirisha kidogo kwenye paneli kinachoonesha mashine imefanya kazi saa ngapi tangu izaliwe. Hiki ni kipimo ambacho wanunuzi hawakijui, na kamati nyingi hazikitumii. Andika namba unayoiona, na ile ya kibandiko cha huduma ya mwisho pamoja na tarehe yake; tofauti ya namba hizo ndiyo saa ilizofanya kazi katika kipindi hicho. Kisha ukipata hesabu za chama, tazama wamenunua dizeli lita ngapi. Tuseme mashine hiyo hula lita 10 kwa saa, na kwa mwezi mzima imefanya kazi saa 20. Hiyo ni lita 200. Hesabu zikisema lita 600, zile 400 hazikuchomwa na jenereta hii. Nimeona hali hiyo zaidi ya jengo moja, na mara zote wenye nyumba walikuwa watu wasomi, wenye kazi nzuri, ambao hawakuwahi kushuka ngazi kuisoma ile namba. Mita hiyohiyo itakwambia kama oili hubadilishwa kwa wakati. Kwa mashine nyingi ni kila saa 250, na kibandiko cha huduma ya mwisho huandikwa saa zilizosomwa siku ile.

Lifti sitaichukulia muda mrefu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka lifti ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila baada ya miezi 6. Ulizia cheti cha ukaguzi, soma tarehe.

Kisha panda juu

Paa linatisha wengi kwa sababu ya joto, lakini panda. Pwani zege lina adui, naye ni chumvi. Hupenya pamoja na unyevu mpaka kwenye nondo, nondo ikapata kutu, kutu ikavimba, zege likapasuka kutoka ndani. Dalili zake zinaonekana kwa macho: madoa ya rangi ya kahawia chini ya boriti, ufa mrefu ulionyooka unaofuata nondo, vipande vya plasta vilivyodondoka kwenye baraza zinazotazama baharini. Tazama hasa chini ya tangi la juu na kuzunguka bwawa la kuogelea, mahali maji husimama.

Ufa peke yake si kosa la chama. Jengo lolote la ufukweni litapata. Kinachopimwa ni chama kimefanya nini baada ya kuuona. Uliza kama kuna ripoti ya mhandisi, ya mwaka gani, na nini kimetekelezwa katika yaliyoandikwa humo. Rangi mpya juu ya ufa bila ripoti ni sababu tosha ya kurudi nyumbani na pesa yako.

Nasema hivi kwa uzito, na mfano ninaoukumbuka kila ninapopanda paa ni wa Marekani. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, jengo la ufukweni la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South, mji wa Surfside, Florida, liliporomoka na kuua watu 98. Mhandisi alikuwa ameshaandika mwaka 2018 kwamba maji hayatoki vizuri kwenye sakafu ya eneo la bwawa na kwamba zege la chini limeharibika. Wenye nyumba wakavutana kuhusu gharama. Mwaka 2019 wajumbe wengi wa kamati wakajiuzulu. Kufikia 2021 mchango uliohitajika ulikuwa umefika karibu dola milioni 15, na marekebisho makubwa yalikuwa hayajaanza. Wale hawakuwa watu maskini, wala hawakukosa mhandisi. Walikosa akiba iliyowekwa mapema na uamuzi wa pamoja. Ninapoona kamati ya Nyali inaahirisha ripoti ya paa kwa mara ya tatu, siwezi kunyamaza.

Karatasi

Kwanza jua unashughulika na nani. Majengo mengi ya kale hapa kwetu yalipangwa kwa mtindo wa kampuni: kila mwenye fleti ana mkataba mdogo wa kukodi na hisa moja katika kampuni inayosimamia jengo. Halafu ikaja Sectional Properties Act ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kufuta ile ya 1987. Kwa sheria hii kila fleti inapata hati yake kamili, na mpango wa jengo ukisajiliwa, wenye fleti wote wanakuwa wanachama wa shirika moja kisheria, lenye jukumu la kutunza maeneo ya pamoja na kuweka bima ya jengo. Sheria ilitaka mikataba ya zamani ibadilishwe iwe hati za mtindo mpya ndani ya miaka miwili, na bado utakutana na majengo ambayo hayajafanya hivyo. Muulize muuzaji: mmebadilisha au bado? Kama bado, nani anashughulikia, na hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima, iko wapi?

Kama bado ni kampuni, mwambie wakili wako atoe CR12 kupitia eCitizen. Ni karatasi inayoonesha wakurugenzi na wenye hisa. Ukikuta jengo limejaa watu, miaka imepita, na wakurugenzi ni mjenzi, yaani mwenye mradi aliyejenga na kuuza fleti, na mkewe peke yao, basi hapo hakuna chama. Kuna mjenzi anayekusanya pesa. Wenye fleti wanaweza kuitana mikutano kila Jumapili, lakini sahihi benki si zao na ardhi haijawahi kuhamishwa. Hili ni gumu kulitengeneza kuliko pampu yoyote, na ushauri wangu kwa mnunuzi wa kawaida ni kutafuta kwingine.

Mwombe wakili aangalie na kodi ya ardhi ya serikali kuu na ile ya kaunti kwa hati mama, na miaka iliyobaki kwenye hati ya kukodi ardhi. Deni la hati mama ni la wote. Na bima: omba nakala, soma jina la aliyekatiwa, thamani ya jengo iliyoandikwa, na siku ya kwisha.

Sasa pesa. Omba hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, bajeti ya mwaka huu, na kumbukumbu za mikutano mikuu miwili ya mwisho. Kama wewe si mwanachama bado, muuzaji ndiye aombe, kwa maandishi. Yeye ni mwenye mali na anastahili kupewa. Muuzaji anayeogopa kuwaomba majirani zake hesabu amekwambia jambo kubwa tayari.

Kwenye hesabu nenda moja kwa moja kwenye malimbikizo, yaani pesa ambazo wenye fleti wanadaiwa. Tuseme jengo lina fleti 24 na ada ya huduma ni shilingi 8,000 kwa mwezi. Zinatarajiwa 192,000. Fleti 7 zisipolipa, zinakosekana 56,000, na zinabaki 136,000. Askari atalipwa, umeme wa ngazi utalipwa, takataka zitazolewa. Kitakachoachwa ni huduma ya lifti na ya jenereta, kwa sababu hivyo havipigi kelele mwezi wa kwanza. Ndiyo maana nasema chama hujulikana chini, chumbani mwa pampu. Kwangu mimi, zaidi ya fleti moja kati ya tano ikiwa na deni la miezi mitatu, humwambia mnunuzi asimame kwanza aulize zaidi.

Uliza pia ni nani wanaodaiwa. Si majina, usiingie kwenye umbeya wa watu. Uliza aina yao. Je, wamo wanakamati? Je, zimo fleti ambazo mjenzi hajaziuza? Hilo la pili ni la kawaida mno: mjenzi amebaki na fleti sita, amezipangisha kwa wageni wa likizo, wanatumia maji na lifti kuliko wote, na yeye halipi ada kwa madai kwamba bado anauza. Kamati yenye msimamo imemwandikia barua na ina nakala. Kamati isiyo na msimamo itakwambia "tunaelewana naye".

Baada ya hapo tafuta mstari wa akiba. Pawe na pesa zilizotengwa kwa paa, lifti, pampu, jenereta na rangi ya nje, zikikaa kwenye akaunti yake, zisichanganywe na za mishahara. Kamati bora niliyoifanyia kazi, katika jengo moja la Kizingo, ina karatasi moja tu: kila kifaa, mwaka kilionunuliwa, mwaka kinaotarajiwa kuchoka, bei ya kukibadilisha kwa leo. Wanagawanya, wanaweka kila mwezi. Pampu yao ya kisima ilipofika mwisho walinipigia simu, wakaniuliza ipi nzuri, na kazi ikaanza bila mtu yeyote kuchangishwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili linawezekana kabisa hapa kwetu, na watu wa kawaida, bila kampuni kubwa ya usimamizi.

Usivutiwe na ada ndogo. Wakala atakwambia "huku wanalipa elfu tatu tu" kana kwamba ni zawadi. Linganisha ada na vitu vilivyomo: lifti, jenereta, kisima, bwawa, askari wa zamu mbili. Vitu vitano kwa shilingi elfu tatu maana yake kuna kisicholipiwa, na mnunuzi mpya ndiye atakayefika siku ya kuchangishwa. Wazee walisema rahisi ghali.

Angalia na njia ya kulipa. Ada ilipwe kwenye akaunti ya benki au Paybill yenye jina la chama, risiti itoke, na pesa zitoke kwa sahihi zaidi ya moja. Ada inayotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani, haina hesabu. Simtuhumu mtu huyo. Akifa leo, au akisafiri, jengo zima limekwama.

Watu

Kumbukumbu za mikutano husomeka kama barua za familia, soma taratibu. Mkutano mkuu uwe unafanyika kila mwaka, uwe na idadi ya waliohudhuria, na maamuzi yawe na jina la mtekelezaji na tarehe. Kisha tafuta jambo moja katika mkutano wa mwaka juzi, mathalani ukarabati wa mfereji wa maji machafu, ulifuatilie kwenye mkutano wa mwaka jana. Likitajwa kuwa limekwisha, na hesabu zinaonesha malipo, chama hicho kinafanya kazi. Likirudiwa kwa maneno yaleyale, unajua la kutarajia.

Magomvi kwenye kumbukumbu yasikutishe. Watu wanaoishi pamoja watagombana kwa maegesho, mbuzi wa Idi, kelele za usiku na mgeni aliyeacha geti wazi. Kumbukumbu zisizo na ubishi wowote ndizo zinazonipa shaka, maana ama watu hawaji, ama hawathubutu kusema. Tazama ugomvi uliishaje. Sheria ya 2020 imeweka nafasi ya kamati ya ndani ya usuluhishi kabla watu hawajafika mahakamani. Uliza kama jengo lina kamati hiyo na iliwahi kusikiliza nini. Kanuni zitumike kwa wote. Kama mpangaji anatozwa faini kwa kuanika nguo barazani na mke wa mwenyekiti anaanika palepale kila asubuhi, hakuna kanuni, kuna ubwana.

Zungumza na keateka, lakini kwa heshima, na usimtege. Msalimu, muulize amekaa hapo muda gani. Keateka wa miaka mingi ni hazina, na keateka wapya kila baada ya miezi michache ni malalamiko yasiyosemwa. Kama anakuamini, muulize kama mshahara huja kwa wakati na kama chama kinamlipia NSSF ya uzeeni na SHA ya matibabu. Chama kinachomkata mtu mchango wa matibabu na hakiupeleki kitakufanyia na wewe mambo kama hayo. Na mtu anayebeba ufunguo wa maji yenu anastahili kutendewa haki, hilo kwangu ni kipimo kamili hata kama mahesabu mengine yote yako sawa.

Rudi pia usiku, mara moja, saa mbili hivi. Taa za ngazi zinawaka? Askari yuko macho? Ukikutana na mama anayerudi na mtoto, msalimu, mwambie unafikiria kuhamia, muulize tu: "Maji hukatika?" Atakueleza yote.

Ukiamua kununua

Kabla ya kulipa ile asilimia 10 ya bei inayotangulizwa, wakili wako apate barua ya chama, yenye sahihi na muhuri, inayosema fleti hiyo inadaiwa kiasi gani mpaka siku ile, na kama kuna mchango wowote wa ziada uliopitishwa au unaojadiliwa. Mkataba uandike wazi kwamba muuzaji atamaliza deni lote mpaka siku ya kukabidhi. Uandike pia nani atalipa mchango uliopitishwa kabla ya siku hiyo lakini unaodaiwa baadaye. Hapo ndipo watu wengi hunaswa, kwa sababu paa lilijadiliwa mwezi wa tatu, fleti ikauzwa mwezi wa tano, na bili ikaja mwezi wa nane. Omba barua hiyo irudiwe wiki ya kukabidhi, maana miezi mitatu ya mauzo inatosha deni jipya kuzaliwa.

Siku ukipewa funguo, shuka tena chumba cha pampu na simu yako. Piga picha ya mita ya saa ya jenereta, mita ya umeme wa ngazi, mita ya maji na kipimo cha tangi. Zitunze. Mkutano mkuu wa kwanza ukiitwa, nenda nazo, na mweka hazina akisoma gharama za dizeli na boza, utakuwa na namba za kumuuliza.